Uzito wa Upande wa Wanunuzi

Amsterdam, 14 Oktoba 2018

Shangazi Reinou,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini upepo wa huko kisiwani haujang'oa paa lako. Sisi huku tu wazima. Baba anaendelea na karakana yake ya baiskeli pale Sneek. Goti linamsumbua, lakini ukimtajia daktari anageuka kiziwi. Nilipomwambia kwamba nataka kukuandikia, aliinuka kwenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Kazini kwetu simu zinarekodiwa, barua pepe zinasomwa, hata utani tunaochapiana unahifadhiwa miaka kadhaa. Stempu ndiyo njia pekee niliyobakiza ambayo hakuna mtu anayeichungulia.

Jambo lenyewe ni hili. Kazi yangu ni kupima mizani ya oda. Soko linatutangazia kina chake kila wakati: kwa bei hii wanunuzi wametaka hisa ngapi, wauzaji wameweka ngapi, na ngazi ya chini yake ngapi, na ya chini yake tena. Halitaji majina. Wanunuzi wakiwa na elfu sita na wauzaji elfu mbili, tofauti ni elfu nne. Gawanya kwa jumla ya elfu nane, unapata nusu. Upande wa wanunuzi ni mzito, bei inaelekea kupanda, basi programu yangu inanunua kabla haijapanda. Kwa mwaka na nusu hesabu hiyo imenilisha vizuri.

Tangu Septemba imeanza kunidanganya. Nikiwa kwenye hisa za kiwanda kimoja cha rangi, upande wa wanunuzi unavimba ghafla, ngazi ya tatu na ya nne, programu inanunua, kisha ule uzito unatoweka kabla ya sekunde mbili na bei inashuka nami nimebeba mzigo. Hizo ni oda hewa, Shangazi. Kuna mtu anaziweka ili zionekane, kisha anaziondoa.

Kingine kilichobadilika mwezi huo ni kidogo tu: zamani tulikuwa na njia moja ya kuingia sokoni, sasa tuna mbili, na mitambo inagawa oda zetu huku na huku. Ya pili imesajiliwa kwa jina la Gijsbert Raap, jirani yangu wa meza, na haifunguliwi mpaka mimi na yeye tuwepo wote. Usalama, wanasema.

Wewe ulisimama kwenye ukumbi wa soko miaka kumi na mbili, zama za kupiga kelele na kuvaa jaketi za rangi. Ulimjuaje mtu anayenunua uongo?

Mwanao,
Tjalling

*

Terschelling, 1 Novemba 2018

Mwanangu Tjalling,

Barua yako imefika, na karani wa posta aliigeuza bahasha mara tatu kabla ya kunikabidhi, kwa hiyo usidhani huku hakuna uangalizi. Mimi sijambo. Kondoo wa jirani yangu Aukje wamekula kabichi zangu zote, naye ananiletea supu ya njegere kila Alhamisi akidhani nitasahau. Nimekawia kujibu kwa sababu ya kuchuma kranberi, beri zetu nyekundu za porini. Zilikuwa nyingi mwaka huu.

Umekua, naona. Mara ya mwisho ulikuwa unaogopa bata.

Umeniuliza habari za ukumbi. Sisi mizani tulipima kwa masikio. Unasimama, unafumba macho, unasikia wanunuzi wako wapi na wana njaa kiasi gani. Anayenunua kweli hutazama saa. Anayenunua uongo hutazama uso wako. Sasa nyinyi mmetoa nyuso zote mkabaki na tarakimu, halafu mnashangaa kwamba mnadanganywa! Mwenye kutaka asali asiogope nyuki, mwanangu. Wewe ndiye uliyekwenda kwenye mzinga.

Nakwambia neno moja tu, na ulifikirie vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Usiende kumtafuta mwizi London kabla hujatazama nyumbani.

[hapa mstari mzima umefutwa kwa wino mzito]

Kula vizuri. Huyo baba yako naye mwambie goti halitibiwi kwa kiburi. Au usimwambie kwamba nimesema mimi.

Shangazi yako,
Reinou

*

Amsterdam, 11 Novemba 2018

Shangazi,

Salamu na shukrani. Mimi ni mzima, ila usingizi umepungua. Baba amekubali kupakwa dawa gotini, ila anaipaka mwenyewe na anaipaka juu ya suruali.

Neno lako limenifungua macho. Nilikuwa nimetazama nje, kwa washindani, wakati nyoka yuko ndani. Sikiliza nilivyopima. Jumanne na Jumatano iliyopita Gijsbert hakuwapo kazini, mkewe alikuwa amejifungua. Siku hizo mbili hapakuwa na oda hewa hata moja. Hata moja! Alhamisi akarudi, saa tatu na robo zikaanza tena.

Alhamisi hiyo alituletea mikate mikavu ya duara yenye siagi na vipunje vya pipi, vya waridi na vyeupe, kwa ajili ya binti yake. Sote tulisimama kuzunguka meza yake tukimpongeza. Nilishika wangu mkononi nikimtazama. Alitafuna huku macho yake yako kwenye skrini yangu, si yake. Nikauweka mkate wangu kwenye droo, sikuula.

"Hutaki?" akaniuliza.

"Nimeshiba."

"Saa tatu asubuhi umeshiba? Wewe Tjalling una wivu na mtoto wangu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mchana ule ule nikaenda kwenye ofisi yetu ya uangalizi. Walifungua kumbukumbu za mitambo na kweli, zile oda zinatoka ndani ya nyumba yetu, kupitia njia ya pili, iliyo kwa jina lake. Yeye faida yake inahesabiwa mbali na yangu, na mwisho wa mwaka tunapangwa kwa nafasi. Sababu ninaiona wazi. Wanataka nitie saini maelezo kwamba programu yangu inajua oda zake yenyewe zote na imekwisha zitoa kwenye kipimo, kwa hiyo zile zingine si zangu. Kikao ni tarehe 13 Desemba. Nikitia saini, Gijsbert ameisha. Hakuna soko litakalomgusa tena.

Maswali mawili. Ulifuta nini kwenye barua yako? Nimeishika dirishani mchana kweupe, nikageuza karatasi nyuma na mbele, nimepata herufi mbili tu. Wewe si mtu wa kufuta. Na la pili: wewe na baba mligombania nini?

Tjalling

*

Terschelling, 19 Novemba 2018

Mwanangu,

Mimi mzima. Supu bado inakuja Alhamisi.

Nilichofuta ni kosa la kuandika tu, mkono wa uzee. Usizichungulie barua zangu dirishani kama noti za bandia, si adabu.

Habari ya baba yako, muulize baba yako.

Huyo kijana Gijsbert ana mtoto wa siku ngapi? Subiri kidogo. Usitie saini mpaka nikuandikie. Nitakuandikia.

Reinou

*

Amsterdam, 28 Novemba 2018

Shangazi yangu,

Nakusalimu. Nimeona barua yako ina mistari isiyozidi kumi, na minne kati yake ni ya kunigombeza.

Nilifanya ulivyoniambia. Jumapili nilikwenda Sneek, tukala viazi vya kuponda na sukuma wiki, na baba alipokuwa anajipakulia soseji nikamuuliza. Aliendelea kujipakulia mpaka sahani ikajaa. Kisha akasema: "Mwaka tisini na moja dada yangu alinishtaki mbele ya wazee wa ukumbi kwamba nauza siri za oda zake. Nikavuliwa jaketi, nikafukuzwa sokoni." Nikamuuliza kama ilikuwa kweli. Akasema: "Muulize yeye alihesabu nini." Hapo akaanza kula, na mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Miaka yote hii niliambiwa baba aliacha soko kwa sababu anapenda baiskeli. Sasa najiuliza ni nani mwingine katika ukoo huu anayesema kweli. Naanza kukutilia shaka na wewe, naomba radhi, lakini ndivyo ilivyo. Unajua kitu. Umekijua tangu barua yangu ya kwanza, ndiyo maana ukafuta. Nimekupima: swali la hesabu unajibu kwa methali, swali la familia unajibu kwa ukali, na jambo la katikati hulijibu kabisa.

Je, ulimkamata mwizi mwaka ule, au hukumkamata? Ninahitaji jibu kabla ya tarehe 13. Gijsbert amepewa barua ya kuitwa kikaoni. Sasa hanisalimii, na picha ya mtoto wake ameigeuza inatazama upande wangu.

Tjalling

*

Terschelling, 4 Desemba 2018

Mwanangu Tjalling,

Nakutumia pamoja na hii herufi ya jina lako ya chokoleti, maana kesho ni sikukuu ya zawadi na sijawahi kukosa kukununulia. Usiile yote kwa siku moja.

Sasa kaa chini. Mstari niliofuta ulisema hivi: *Kwanza toa oda zako mwenyewe, za njia zote mbili.*

Soko linakutangazia kina bila majina. Na wewe umo ndani ya kina hicho. Programu yako inatuma oda, mitambo inazigawa huku na huku, halafu inazikuta tena kwenye tangazo la soko. Za njia ya kwanza inazitambua na kuzitoa. Za njia ya pili haizijui, kwa hiyo inaziona kuwa ni watu, wanunuzi wenye njaa, nayo inakimbilia kununua zaidi. Bei isipopanda inaziondoa yenyewe. Ndiyo oda zako hewa. Gijsbert asipokuwapo njia ya pili haifunguliwi, kwa hiyo mzuka haupo. Nilielewa nilipofika ukurasa wa pili wa barua yako ya kwanza, Oktoba ile ile, chai ikiwa bado moto.

Utauliza nilijuaje haraka hivyo. Mwaka wa tisini na moja nilikuwa nanunua kwa wingi na sikutaka ukumbi ujue. Nusu nilimpa Hylke, baba yako, apige kelele mbele. Nusu nyingine nilimpa mzee Kuipers, kona ya nyuma, bila kumwambia Hylke. Nikasimama juu ya ngazi, nikafumba macho yangu hodari, nikasikia kona ya nyuma imejaa wanunuzi wa kitu kile kile ninachokitaka mimi. Nikasema, nani kawaambia? Hylke. Ni Hylke tu anayejua. Kila nilipomtuma Kuipers kununua zaidi, ndivyo nilivyozidi kusikia kwamba ndugu yangu ananiuza.

Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe, mwanangu. Niligundua miezi minne baadaye nikipanga vikaratasi vya oda za mwaka ule. Hylke alikuwa ameshavuliwa jaketi, amekwisha hamia Sneek. Nikavifunga vile vikaratasi kwa kamba nikanyamaza. Naona aibu hata sasa. Naona aibu kuliko wakati ule.

Usitie saini.

Reinou

*Tarehe 14.* Feri imesimama siku zote hizi kwa ajili ya upepo. Samahani kwa kuchelewa.

*

Amsterdam, 20 Desemba 2018

Shangazi,

Sina salamu leo.

Barua yako imenifikia juzi, Jumanne tarehe 18. Nilitia saini tarehe 13. Kikao kilichukua dakika arobaini. Gijsbert alisema mara nne, "Sikuziweka mimi," na mara ya tano hakuimaliza. Walimpa sanduku la karatasi akusanye vitu vyake. Alisahau kikombe chake, bado kiko pale.

Nilipoisoma barua yako nilifungua kompyuta nikatoa oda za njia zote mbili. Mzuka ukatoweka, miezi mitatu yote, kila siku, kila saa. Ilinichukua dakika sita. Dakika sita, Shangazi!

Kisha nikatazama kumbukumbu za safari za feri, maana unajua mimi napima vitu. Kuanzia tarehe 4 hadi 14 feri ilitoka kila siku. Ilikosa safari moja tu, ya asubuhi ya tarehe 8. Muhuri wa posta ni wa tarehe 15. Ulikaa na barua hiyo siku kumi na moja. Na kabla ya hapo ulikaa na jibu tangu Oktoba, ukanipa methali nikaitumia kumchinjia mtu.

Sasa nikuulize kitu wewe mtaalamu. Nikisema ukweli, mimi ndiye niliyetia saini maelezo ya uongo. Kazi yangu imekwisha na pengine jina langu pia. Nisiposema, hakuna atakayejua. Ofisi ya uangalizi imefunga faili na imefurahi. Nimekwisha rekebisha programu. Inapata faida tena, leo imepata kuliko siku yoyote ya mwaka huu.

Tunaojua ni mimi na wewe. Na wewe kunyamaza unakuweza.

Tjalling

*

Terschelling, 6 Januari 2019

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, ingawa najua hutaki heri yangu.

Ni kweli, feri ilitoka. Barua ilikaa ndani ya kopo la biskuti. Mara mbili niliichukua mpaka posta, nikanunua stempu nisizozihitaji nikarudi nayo. Nilijua ukishaisoma utakuwa na haki ya kunidharau, na wewe ndiye mtu pekee wa damu yangu aliyebaki kuniandikia. Kijana mzima ameharibiwa jina kwa sababu mwanamke mzee aliogopa kukosa barua. Ndiyo sababu, haina nyingine iliyo nzuri zaidi. Niliitafuta.

Alhamisi nilikwenda Sneek. Baba yako alikuwa amepindua baiskeli juu ya meza, amenipa mgongo.

"Tumefunga," akasema.

"Mlango uko wazi."

"Uko wazi kwa ajili ya hewa."

Nikabaki nimesimama pale kizingitini na mkoba wangu. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu njia nzima, ikapotea yote. Nikasema: "Hylke, nilijihesabu mwenyewe. Wale wa kona ya nyuma walikuwa wangu."

Akaendelea kuzungusha gurudumu. "Najua."

"Nani kakwambia?"

"Kuipers. Wiki ile ile niliyovuliwa jaketi. Alikuja na chupa, akalia yeye kuliko mimi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wa kusema ulikuwa wewe. Nilikuwa nangoja."

"Miaka ishirini na saba, Hylke?"

"Mwenyewe nilidhani itakuwa wiki."

Alinipa kahawa. Hakunikumbatia, usije ukajidanganya, na kahawa yenyewe ilikuwa mbaya kama zamani. Nikamweleza habari zako zote, maana nimechoka kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniuliza swali moja: "Kijana wangu naye amenyamaza siku ngapi sasa?"

Swali hilo nakuuliza wewe. Kunyamaza nakuweza, umesema kweli. Ni rahisi mno, ndiyo ubaya wake. Siku ya kwanza unasema nitasema kesho, na kila siku inayopita aibu ya kuchelewa inazidi aibu ya kosa lenyewe, mpaka unahamia kisiwani. Sitawaandikia watu wa ofisi yako. Ni neno lako, si langu. Ila baba yako anasema karakana ina meza ya pili, na kwamba wewe hujui hata kuziba pancha.

Shangazi yako, ukipenda,
Reinou

*

Sneek, 13 Januari 2019

Shangazi Reinou,

Nakusalimu. Baba anakusalimu pia, yaani nilipomwambia nakuandikia hakuinuka.

Alhamisi nilikwenda ofisi ya uangalizi na karatasi zangu zote. Walinisikiliza, wakafunga mlango, wakaniita tena Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo sanduku la karatasi lilikuwa langu. Gijsbert wamempelekea barua ya kumsafisha jina. Wamemtaka arudi. Hajawajibu.

Kwenye droo yangu niliukuta ule mkate wa mtoto, vipunje vya waridi vimebaki hivyo hivyo.

Jana, Jumamosi, nilikwenda kwake Haarlem kumrudishia kikombe. Sikutaka asome tu barua ya ofisi. Alifungua mwenyewe, mtoto amelala begani mwake. Nilimwambia yote, pale pale mlangoni, njia ya kwanza na njia ya pili. Alinielewa kabla sijafika katikati. Kazi ni yake kama ilivyokuwa yangu. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Umejua tangu lini?"

Ningeweza kusema wiki hii. Asingejua kamwe. Nikamwambia tangu tarehe 18 Desemba.

Alifumba macho kidogo, akapiga hesabu kichwani, kama tulivyozoea.

"Siku ishirini na tano," akasema. "Huyu ana siku sitini na saba. Kwa hiyo zaidi ya theluthi ya maisha yake, baba yake amekuwa mwizi, na wewe ulijua kwamba si mwizi."

Akachukua kikombe, akafunga mlango taratibu, asimwamshe mtoto.

Nilirudia hesabu yake ndani ya treni. Ilikuwa sahihi.

Mwanao,
Tjalling